Masafa na Muda Kati ya Nairobi na London

Katika somo la hesabu, msomaji, ulifundishwa kanuni fupi: gawanya masafa kwa mwendo, nawe utapata muda. Gari liendalo maili 40 kwa saa litamaliza maili 120 kwa saa tatu, na mwalimu atakupa alama zako. Kanuni hiyo haina kosa hata kidogo. Lakini ichukue uipeleke katika historia, uitumie kupima safari baina ya viwanja viwili vya ndege, ndipo utakapoona ya kwamba jibu la hesabu na jibu la saa ya msafiri ni mbalimbali, na kwamba zamani tofauti yao ilikuwa kubwa kuliko jibu lenyewe. Katika insha hii nataka tuitazame tofauti hiyo: ilitoka wapi, ilipunguzwa na nani, na kwa jasho la nani.

Viwanja nilivyochagua ni kile cha Nairobi, kilichoko Embakasi, na kile cha London kiitwacho Heathrow. Nimevichagua kwa sababu njia iliyo kati yake imepitiwa na mambo mengi ya nchi hii, mema na mabaya. Chukua tufe la dunia lililo darasani mwenu, na uzi mwembamba. Shika ncha moja juu ya Nairobi na ncha ya pili juu ya London, kisha uvute mpaka uzi ukaze. Njia unayoipita uzi huo ndiyo fupi kuliko zote. Utauona ukitoka Nairobi kuelekea Turkana, ukapita Sudan Kusini, Sudan na jangwa la Libya, ukavuka bahari ya Mediterania, ukagusa Italia, ukapanda milima ya Alps na kuingia Ufaransa, hata ukafika Uingereza. Urefu wake ni yapata kilomita 6,840, ambazo ni maili 4,250. Urefu huo ulikuwa ndio huo huo kabla ndege haijabuniwa. Wataalamu wa miamba watasema kwamba bara la Afrika husogea, na ni kweli, lakini mwendo wake ni upana wa kidole kimoja au viwili kwa mwaka. Kwa safari yetu tuuache. Masafa, basi, tumeyapata mara moja kwa uzi. Muda ndio wenye hadithi ndefu.

Kabla hatujapanda angani, tushuke kwanza pwani, maana wazee wa huko waliyajua mambo haya zamani sana. Nahodha wa jahazi hakuupima mwendo wa Mombasa na Maskati kwa maili. Aliupima kwa majira ya pepo. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na katikati yalikuwako maleleji ambayo bahari hulala na tanga hulegea. Mwenye kukosa msimu alikosa mwaka. Ushahidi wa jambo hili tunao kwa tarehe. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Siku 26 tu. Wakati wa kurudi hakungoja majira. Aling'oa nanga katika pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, na hakuiona Malindi mpaka tarehe 7 Januari 1499. Bahari ilikuwa ile ile, lakini safari ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Kiseyeye kiliwaua mabaharia wake wengi hata ikambidi auchome moto mmoja wa merikebu zake, kwa sababu watu wa kuuendesha hawakutosha tena.

Nalitaja neno rubani kwa makusudi. Leo tukilisikia, fikira zetu huruka moja kwa moja hadi kwa mtu aliyevaa kofia na kuketi mbele ndani ya ndege. Lakini neno hilo lilikuwa la baharini karne nyingi kabla ya kupanda angani. Rubani ni ajuaye njia, miamba na pepo. Waswahili walipomwona mwendeshaji wa ndege hawakuhitaji kuomba neno kwa mtu. Walilitwaa walilokuwa nalo.

Meli za moshi ziliushinda upepo, na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka wa 1869, uliondoa haja ya kuizunguka Afrika nzima. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Hivyo katika miaka ya 1920 mtu aliyetoka Nairobi kwenda London alipanda gari la moshi mpaka Mombasa, akaingia melini, akapita Aden, Suez na Mediterania, na akafika baada ya yapata majuma matatu. Hiyo ndiyo safari aliyoifanya Jomo Kenyatta mwaka wa 1929. Aliondoka Mombasa mwezi wa Februari, akafika London mwezi wa Machi, ametumwa na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya watu wake, na kubwa katika hayo lilikuwa la ardhi. Tafakari, msomaji, maana ya majuma matatu katika shauri la namna hiyo. Neno la mwananchi lilikwenda kwa mwendo wa meli, na jibu lilirudi kwa mwendo wa meli, ilhali serikali ilikuwa na simu yake ya waya chini ya bahari iliyoweza kuuliza na kujibiwa siku ile ile. Aliyekuwa mbali na London kwa majuma matatu ni mwananchi, wala si gavana.

Lakini wakati huo huo wako waliokuwa wakiitazama njia nyingine. Mwingereza Alan Cobham aliondoka London kwa ndege mwezi wa Novemba 1925, akaenda akikagua viwanja na mahali pa kutua, na hakufika Cape Town mpaka Februari 1926. Miezi mitatu! Ungesema meli ilimshinda. Lakini aliporudi hakuwa na haja ya kukagua tena, na njia ile ile iliyomchukua miezi mitatu aliimaliza kwa majuma mawili hivi. Hapa Nairobi, mwaka wa 1929, mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na kwa jina lake uwanja ule mdogo wa Nairobi unaitwa Wilson hata leo.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ratiba kutoka London hadi Mwanza, kwenye ziwa Victoria. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, njia hiyo ilirefushwa mpaka Cape Town, nayo Nairobi ikawamo. Sasa tufanye hesabu yetu. Ndege kubwa za siku zile zilikwenda yapata maili 90 kwa saa. Gawanya maili 4,250 kwa 90: utapata saa 47, yaani siku mbili pungufu ya saa moja. Basi abiria wa mwaka wa 1931 alikaa njiani siku ngapi kabla hajafika Kisumu? Kiasi cha juma moja na zaidi. Siku mbili za kanuni zilikuwa zimegeuka juma zima.

Hebu tuone zile siku nyingine zilipotelea wapi. Kwanza, usiku ndege hazikuruka. Jua likituwa na zenyewe zilitua, kwa kuwa hapakuwa na taa za kutosha za kuongoza njia, na rubani alifuata mto Nile kwa macho kama dereva afuatavyo barabara. Abiria walishuka, wakaoga, wakala chakula cha jioni hotelini au katika nyumba ya wageni ya kampuni, wakalala, wakaamshwa kabla ya alfajiri. Pili, matangi ya petroli yalikuwa madogo, na kila baada ya saa chache ndege ilibidi ishuke ijazwe. Ndiyo maana ukiisoma orodha ya vituo vya zamani utakuta majina ya miji ambayo msafiri wa leo haisikii kamwe: Wadi Halfa, Malakal, Juba. Tatu, na hili ndilo lingemshangaza mwalimu wa hesabu, kwa miaka kadhaa sehemu ya safari hii ya ndege ilifanywa kwa gari la moshi. Serikali ya Italia haikuelewana na Waingereza juu ya ndege zao kupita katika anga yake. Kwa hiyo abiria aliruka kutoka London hadi Paris, akapanda treni mpaka Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, ndipo akaingia katika ndege ya majini ya kumvusha bahari. Mabawa yalikuwako, na rubani alikuwako. Kilichokosekana ni ruhusa. Likumbuke neno hilo ruhusa, maana tutakutana nalo tena.

Mwaka wa 1937 Imperial Airways ilileta ndege mpya za majini, kubwa na nzuri, zenye mwendo wa maili 160 na zaidi kwa saa. Hizi hazikuhitaji uwanja wa nchi kavu. Zilishuka juu ya maji na kuelea kama mashua. Zilitoka Southampton, zikaufuata Nile, zikapita Port Bell katika Uganda, zikatua Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini mpaka Durban. Tazama jinsi njia ilivyogeuka! Nairobi, mji mkuu, haina ziwa wala bahari, basi iliachwa kando. Kisumu ikawa lango la nchi. Mtu wa Nairobi aliyengoja barua kutoka Uingereza alizingoja zishuke Kisumu majini, zikahamishiwa katika ndege ndogo za Wilson Airways, ndipo zimfikie. Kijana wa Kisumu asomaye haya ana haki ya kujivuna kidogo.

Utaratibu huo ulivunjika ghafula. Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, Mediterania ilifungwa, na njia ya London ikakatika. Ndege za majini hazikusimama, lakini zilianza kwenda mahali pengine: kutoka Durban zikapanda kwa Kisumu na Khartoum mpaka Cairo, zikapinda mashariki kwa India na Singapore, zikashuka Sydney. Ukiichora njia hiyo katika ramani itaonekana kama kiatu cha farasi, na kwa jina hilo ndivyo ilivyoitwa. Kwa muda Kisumu ikawa imeungana na Australia kwa ndege, hali Uingereza haifikiki kwa njia ile ya siku zote.

Baada ya vita hiyo mambo yalikwenda mbio. Shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja, lilianza kazi mwaka wa 1946 likiwa na ndege sita ndogo. Ndege kubwa za nchi kavu, zilizojifunza wakati wa vita kuruka usiku na kwenda mbali, ziliziondoa zile za majini. Jinsi zilivyoweza kwenda tuliiona mwezi wa Februari 1952. Mfalme George wa Sita alifariki Sandringham tarehe 6, na bintiye Elizabeth, ambaye alikuwa ziarani Kenya, alipata habari akiwa Sagana. Jioni ile ile alichukuliwa kwa ndege ya Dakota kutoka Nanyuki mpaka Entebbe. Huko mvua ya radi ikamzuia kwa muda, na ilipopungua akaondoka usiku, ndege ikashuka El Adem katika Libya kujaza mafuta, na alasiri ya tarehe 7 akakanyaga ardhi ya London akiwa Malkia. Juma zima la mwaka wa 1931 lilikuwa limegeuka usiku mmoja na mchana mmoja.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule ndege ya jeti iitwayo Comet ilianza kubeba abiria kati ya London na Johannesburg, nayo ndiyo safari ya kwanza ya ratiba duniani kufanywa na jeti yenye abiria. Ilishuka Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikamaliza safari chini ya saa 24. Watu walistaajabu. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1954, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Aprili, Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bodi ya ndege, kwa kujazwa hewa na kupunguzwa hewa kila iruka na kutua, ilichoka mpaka ikatoa ufa. Chuma nacho huchoka, kama mgongo wa mpagazi. Jeti ziliondolewa, zikaundwa upya, na zikarudi mwaka wa 1958.

Huenda umeona ya kwamba Elizabeth aliondokea Entebbe, na Comet pia ilishuka Entebbe. Kwa nini isiwe Nairobi? Jibu limo ardhini. Nairobi iko juu sana. Embakasi ni mita 1,624 juu ya bahari, hali Heathrow ni mita 25 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana jua linapoipasha moto huzidi kuwa nyepesi. Bawa hushikwa na hewa. Hewa ikiwa haba, ndege ni lazima ikimbie zaidi kabla haijainuka, na mzigo wake upunguzwe. Kwa hiyo Nairobi ilihitaji njia ndefu na imara ya kurukia ndege, kuliko ile iliyokuwako Eastleigh. Njia hiyo ilijengwa Embakasi.

Hapa naomba twende polepole. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na katika miaka iliyofuata magereza na kambi za Kenya zilijaa maelfu ya watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Palikuwa na gereza Embakasi, na wafungwa wake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya uwanja ule, kwa mikono, kwa sururu na koleo, juani, chini ya ulinzi wa bunduki. Walisawazisha mahali ambapo wao wenyewe hawakutazamia kupanda ndege. Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1958, kukawa na sherehe na hotuba. Tunapowasifu wahandisi kwa kuifupisha safari ya Nairobi na London, na wanastahili sifa, hatuna budi kuwahesabu na watu hawa. Saa zilizopungua katika safari ya abiria zilikuwa zimetolewa katika maisha ya mtu mwingine, aliyekuwa akihesabu miaka.

Naongeza jambo moja. Ule uzi wetu hupita katika anga ya Turkana. Miaka ile uwanja ulipokuwa ukijengwa, Kenyatta alikuwa mfungwa huko huko Turkana, katika gereza la Lokitaung. Aliachiliwa mwezi wa Agosti 1961. Mwaka wa 1962 alikuwa London tena, katika mkutano wa katiba uliofanywa Lancaster House, na safari hii wajumbe walikwenda kwa ndege. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu meli ile ya mwaka wa 1929. Mjumbe aliweza sasa kuondoka Nairobi, akasema neno lake London, akarudi kuwauliza wenzake, kabla meli ya zamani haijapita Aden. Mwaka wa 1978, Kenyatta alipofariki, uwanja wa Embakasi ulipewa jina lake.

Shirika la East African Airways lilipata Comet za namna mpya mwaka wa 1960, na mwishoni mwa mwaka wa 1966 likapata Super VC10, ndege iliyoundwa makusudi kwa viwanja vya juu na vya joto kama vyetu. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka wa 1977 kwa ugomvi wa wenye mali, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka ule ule. Ndege zilizofuata zilizidi kuwa kubwa na zenye matangi makubwa, lakini mwendo wake haukuzidi sana. Jambo hili watu wengi hawalijui: jeti ya leo haikimbii kuipita VC10. Safari ilifupishwa kwa kuondoa vituo vya njiani.

Basi tuirudie hesabu kwa ndege ya siku hizi. Maili 4,250 kwa mwendo wa maili 560 kwa saa ni saa saba na dakika 35 hivi. Tiketi nayo husema saa nane na nusu, au tisa. Saa moja na zaidi imetumika katika kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka, kupindapinda, na kungoja zamu juu ya London. Tena utaona kwamba kwenda London aghalabu huchukua muda zaidi ya kurudi. Sababu yake ni upepo. Juu sana, katika kimo cha ndege za jeti, umo mkondo wa upepo wenye nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Aendaye mashariki husukumwa, aendaye magharibi hupingwa. Katika njia ya Nairobi na New York huonekana wazi zaidi. Mwaka wa 1959, Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege ya kukodi, hapakuwa na ndege ya kufanya safari ile bila kutua. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018: kilomita zipatazo 11,840, saa 15 kwa kwenda, na saa 14 kwa kurudi. Nahodha wa jahazi angelielewa jambo hili bila kufundishwa.

Saa nayo ina vitimbi vyake. Ukiondoka Nairobi saa sita ya usiku, ukakaa angani saa tisa, kwenu itakuwa saa tatu ya asubuhi. Lakini saa ya London wakati wa baridi iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo utasoma saa kumi na mbili. Usidanganyike ukasema umekwenda kwa saa sita. Na usitazamie kuliona jua, ijapokuwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili ndiyo saa ya kuchomoza kwake. Mwezi wa Januari jua la London hutoka baada ya saa mbili nyingine.

Lililobaki ni lile neno ruhusa. Mwezi wa Agosti 1963 nchi huru za Afrika zilianza kulikataza shirika la ndege la Afrika Kusini kupita katika anga zao, kwa ajili ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Ndege zilizokuwa zikikata moja kwa moja juu ya bara zililazimika kuizunguka Afrika kwa upande wa Atlantiki, juu ya maji, kama Wareno wa zamani. Johannesburg na London hazikusogeleana wala kuachana hata kwa hatua moja, lakini safari iliongezeka kwa masaa. Nchi zisizokuwa na majeshi makubwa wala fedha nyingi zilikuwa na anga, na zilijua kuitumia.

Mara nyingine anga hufungwa na vita, bila shauri la mtu wa mbali. Libya ilifungwa mwaka wa 2011, na sehemu nzima ya jangwa ikatoka katika njia. Kisha ikaja zamu ya Sudan. Mji wa Khartoum ulikuwa kituo cha karibu kila ndege tuliyoitaja: zile za mwaka wa 1931, zile za majini, na Comet ya mwaka wa 1952. Wasafiri walilala huko, wakanywa chai huko, wakatazama Nile mbili zikikutana. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka mjini, uwanja wa ndege ukawa uwanja wa mapigano, na anga ya Sudan ikafungwa kwa ndege za abiria. Marubani wa njia ya Nairobi na Ulaya wakachukua ramani upya, wakapinda, wengine mashariki, wengine magharibi, wakaongeza mafuta matangini. Katika ratiba dakika zikaongezeka. Abiria aliyelala dirishani hakujua kwamba ndege yake ilikuwa imeukwepa mji ambao zamani isingaliweza kuupita bila kushuka.